Chumba Chetu cha Nyuma ya Jiko

Mgeni rasmi, ambaye ndiwe mkuu wetu mpya wa chuo, walimu wetu, wazazi mliosafiri kuja kututazama, na ninyi wenzetu wote, hamjambo.

Sisi wanakikundi wa maigizo tunakukaribisha, mgeni rasmi, kwa mikono miwili. Tungependa kuongeza "na kwa moyo mkunjufu", lakini moyo wenyewe leo unadunda vibaya, na aliyeandika risala hii amekatazwa kusema uongo.

TULIKOANZIA

Tulianza miaka sita iliyopita katika stoo ya nyuma ya jiko, watu watano na shuka moja la bweni lililogeuzwa pazia. Leo tuko ishirini na watatu. Kumi na tisa kati yetu ni wageni katika mji huu. Tulishuka kituoni na masanduku, hatujui hata duka la sabuni liko upande gani.

MAFANIKIO

Vikombe viwili tulivyoshinda unaviona pale mezani. Tunaomba tukueleze habari za mwenzetu mmoja tuliyempa jina la Kimya.

Kimya alikuja mwaka jana. Siku ya kwanza aliuliza njia getini, waliokuwapo wakamcheka lafudhi yake. Tangu hapo akafunga mdomo. Dukani alinunua kwa kuonyesha kidole. Jioni alimpigia mama yake simu: "Mama, wala usiwe na wasiwasi, nina marafiki kibao." Kisha akajifunika shuka gubigubi.

Siku moja alikwenda kujificha stoo ili alie kidogo, akatukuta mazoezini. Mshonaji wetu wa mavazi hakumuuliza jina wala kwao. Alimpa daftari la mchezo, akamwambia, "Afadhali umekuja, mdogo wangu. Kaa hapa nyuma ya pazia, mtu akisahau maneno mnong'oneze."

Siku ya onyesho, aliyeigiza baba akasahau. Kimya akanong'ona, hakusikika. Akanong'ona tena. Baba akageukia pazia: "Sema basi, mwanangu, nitazeekea hapa!" Watu wakaangua kicheko. Ndipo Kimya akapiga ukelele uliofika hadi jikoni: "Chai imepoa!" Ukumbi mzima ukapiga makofi. Hayo ndiyo maneno yake ya kwanza kuyasema kwa sauti mbele za watu tangu siku ile ya getini, na tangu siku hiyo ni mtu wetu.

KINACHOTUTISHA

Wiki iliyopita tulikuta karatasi mlangoni: stoo itafungwa Jumatatu, vifaa viondolewe. Mafundi wamekwisha kupima kuta. Sasa tukisikia viatu koridoni, tunanyamaza wote katikati ya mazoezi.

Tunaogopa, mgeni rasmi. Katibu alilifuta neno hilo mara mbili, nasi tukalirudisha. Mwaka uleule wa Kimya alikuja mwanafunzi mwingine ambaye hakupata pa kujishikiza. Alifungasha virago katikati ya muhula, na aliyelala kitanda cha juu yake hakuweza kutuambia hata jina lake. Hatujui alikokwenda. Tunaziangalia sura za wageni wa mwaka huu, tunajiuliza nani atafuata.

OMBI LETU

Tunaomba tuachiwe stoo. Viti tutajitafutia, na taa iliyopo inatutosha. Ikiwa jibu ni hapana, tunakusihi usilitoe hapa jukwaani, maana mama yake Kimya ameketi safu ya tatu, na ndiyo kwanza anajua leo kwamba wale marafiki wa kwenye simu hawakuwapo. Mama, utusamehe. Sasa wapo.

Kwa kawaida tunamweka mtu nyuma ya pazia. Leo kiti kile ni kitupu. Msomaji akikwama, hakuna wa kumnong'oneza. Aliyekuwa akikikalia ndiye huyu aliyesimama mbele yako akisoma, na amefika mwisho.

Mungu akulinde katika mji huu ambao nawe umehamia juzi tu, na akupe watu.

Ni sisi,
Kikundi cha Maigizo cha Nyuma ya Jiko.