Keziah Crabtree na Ubeti wa Tatu

Marehemu Keziah Crabtree, dada yangu, alizaliwa tarehe 3 Machi 1851 mjini Keighley, Yorkshire, mtoto wa kwanza wa mfumaji Jonas Sugden na mkewe Hephzibah. Mama alisema alitembea akiwa na miezi tisa, na tangu hapo hakuna aliyemwona amekaa mpaka chai yake ikaisha.

Alisoma shule ya kanisa letu hadi miaka kumi, kisha akaingia kiwanda cha sufu. Hati mkato alijifundisha mwenyewe kwa kitabu cha kuazima, akichora alama kwa kidole kwenye vumbi la mashine. Mwaka 1872 aliajiriwa kuifundisha katika darasa la jioni la kanisa. Alisomesha akizunguka kati ya madawati. "Upesi, Agnes! Hakimu hatakungoja uchonge penseli!"

Tarehe 9 Juni 1875 aliolewa na Amos Crabtree, fundi saa, mwanafunzi wake dhaifu kuliko wote. Amos alimposa kwa hati mkato. Karatasi ilirudi imesahihishwa makosa manne, na chini yake neno moja: "Ndiyo." Walihama nyumba mara tisa, zote humu humu mjini.

"Keziah, mke wangu, hii nayo ina kosa gani?"

"Nimeshaizoea."

Walijaliwa Ruth na Edwin. Edwin alifariki kwa homa Novemba 1883, akiwa na miaka minne. Dada alizunguka vilimani majira yote ya baridi, akarudi na wimbo. Ubeti wa tatu ulimwuliza Mungu: mbona mapema hivi? Kamati ya kitabu cha nyimbo iliupokea wimbo, ikaufuta ubeti huo bila kumwambia, ikaweka wa shukrani. Jumapili ya tarehe 16 Mei 1886, kanisa lilipofika hapo, yeye aliimba maneno yake, kwa sauti ya juu kuliko sote. Kinanda kikanyamaza.

"Bibi Crabtree, tafadhali, nyamaza," mchungaji alisema.

"Nimenyamaza vya kutosha, Mchungaji. Mtoto ni wangu na ubeti ni wangu."

Akaumaliza peke yake. Mimi nilikuwa kando yake, na nakiri mbele yenu kwamba nilitazama viatu vyangu.

Wiki hiyo kanisa lilimwachisha kazi ya kufundisha. Jumatatu iliyofuata wasichana kumi na mmoja wa kiwandani walibisha mlangoni kwake, penseli mkononi. Aliwafundisha wao na wengine jikoni miaka kumi na tisa. Wengi mmeketi hapa leo, makarani wa Bradford na Leeds. Mwaka 1904 kitabu kipya kiliurudisha ubeti. Aliusoma amesimama. "Wamekosea koma," akasema, akaingia chumbani, akafunga mlango. Tulimsikia akilia.

Januari 1908 kiharusi kilimnyang'anya mkono wa kulia. Akaanza kujifunza kuandika kwa wa kushoto. Daktari alimwamuru atulie kitandani. "Nitulie ili iweje?" alimuuliza.

Alhamisi tarehe 11 Machi 1909, saa nne asubuhi, akiwa kitini dirishani, alisema, "Ruth, andika." Ruth alikimbilia penseli. Aliporudi, mama yake alikuwa ameshakwenda. Alichotaka kiandikwe hatukijui.

Ameacha mume, Amos, binti, Ruth, wajukuu wawili, mimi mdogo wake, Jabez, na wanafunzi tusioweza kuwahesabu.

Mungu ampe pumziko, na amvumilie akilikataa.