Pikipiki Isiyowahi Kuanguka

Seremala wa kiti cha mbele yangu alikuwa amevaa helmeti ndani ya basi tangu asubuhi. Muuguzi aliyeketi naye akamuuliza kulikoni.

"Naenda kununua pikipiki ya mwalimu mmoja. Miaka sita haijaanguka."

"Safari ya saa tisa nzima kwenye basi! Kwenu hazipo?"

"Zipo, ila zote zimeshaanguka."

"Kaka, pikipiki haianguki yenyewe. Unajua kuendesha?"

"Nitajifunza njiani nikirudi nayo. Kwa njia ndefu hivi, si nitafika nimebobea?"

Nikajifanya nimelala.

"Mimi niko wodi ya mifupa," muuguzi akasema taratibu. "Unarudi lini?"

"Jumamosi."

"Basi nitakuwa zamuni."

Kituoni seremala akashuka, kisha akarudi dirishani. "Dada, breki iko mkononi au mguuni?"

Nusu ya abiria wakapaza sauti, "Mkononi!" Nusu wakapinga, "Mguuni!"