Benchi la Watu Wenye Shughuli Nyingi

Benchi ni la Dada Birika. Alilinunua mwenyewe kwa seremala, akaliweka mkabala na lango la shule ya msingi ili wateja wa kahawa yake wakae kama watu. Lakini ukifika pale saa kumi na mbili na nusu asubuhi utadhani ni urithi wa wanaume watatu. Katikati hukaa Mstaafu, aliyekuwa karani, na kalamu haijamtoka mfukoni mpaka leo. Kulia kwake hukaa Profesa, ambaye hajawahi kumfundisha mtu hata kufunga kamba za viatu. Kushoto ni Kamanda, aliyelinda ghala la saruji miezi minane na tangu hapo kila asemalo ni amri. Mwisho kabisa wa benchi, miguu ikining'inia, mkoba mapajani, hukaa binti wa darasa la kwanza asiyesema neno.

Binti huyo ni wa mama mmoja, fundi cherehani wa kiwanda cha sare. Kiwandani mlango hufungwa saa moja kamili. Shuleni lango hufunguliwa saa mbili kamili. Katikati pana saa nzima isiyo na mwenyewe, na shule ilishatangaza: mtoto akikutwa nje bila mtu mzima, mzazi ataitwa kutoka kazini aje amchukue. Mama yule ameshaitwa mara mbili. Msimamizi wake akamwambia akiiacha mashine mara ya tatu, asirudi tena. Ndipo alipomfundisha mwanawe: "Kaa mwisho wa benchi la wale wazee, utulie. Watu watadhani uko na babu." Aliyeambiwa siri hiyo ni Dada Birika peke yake. Naye hakuweza kuahidi kumwangalia mtoto, maana saa moja na robo hubeba birika la pili akazunguka gereji na karakana, na huko ndiko kahawa inakouzika. Benchini kunauzika maneno tu.

Wiki tatu hila ile ilifanya kazi. Mstaafu alidhani binti ni mjukuu wa Kamanda. Kamanda alidhani ni wa Profesa. Profesa alidhani ni wa Mstaafu. Hakuna aliyejisumbua kumuuliza mwenzake, wala kumuuliza mtoto jina lake.

Asubuhi hiyo mwanamke mmoja alipita mbio, mtoto mmoja mkononi, mwingine mgongoni. Mstaafu akatikisa kichwa.

— Wazazi wa siku hizi! Sisi tulikua bila kuangaliwa na mtu, na tazama tulivyo.

Dada Birika akawatazama walivyo.

— Haraka haraka haina baraka, — akasema Kamanda. — Wangeamka saa nane usiku, wangekimbia nini?

— Waamke saa nane waende wapi, na lango linafunguliwa saa mbili? — aliuliza Dada Birika.

— Wangoje! Nidhamu ni kungoja. Mimi ghalani nilikuwa nangoja kutwa.

— Ulikuwa unalala kutwa, — Profesa akamrekebisha. — Ndiyo maana saruji iliota miguu. Sasa sikilizeni niwape sayansi. King'ora cha kiwanda kina mtu wake. Kengele ya shule ina mtu wake. Hao wawili waligombana zamani, mambo ya mwanamke. Tangu hapo mmoja akisema saa moja, mwenzake lazima aseme saa mbili. Wapatanisheni hao, kesi imekwisha.

— Nani kakwambia? — akauliza Mstaafu.

— Mambo mengine huambiwi, unayajua tu.

— Porojo hizo. Dawa ni kupanga uzazi. Mtoto azaliwe likizo inapoanza, akue humo humo ndani ya likizo, ikiisha awe ameshaoa. Samaki mkunje angali mbichi.

— Hiyo methali imeingiaje hapo, mzee? — akauliza Dada Birika.

— Methali haipigi hodi.

Kamanda akagonga kikombe kwenye mbao.

— Mnazungumza kama raia! Lijengwe ghala. Mtoto anapokelewa alfajiri, anabandikwa lebo, anapangwa kwenye rafu, mzazi anapewa stakabadhi. Jioni huna stakabadhi, hupewi mtoto. Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako!

Binti akausogeza mkoba karibu na kifua.

— Tatizo ni mama zao, — akaendelea Profesa, sauti imelegea kwa huruma. — Wana roho za mawe, wale. Mama wa kweli anamwachaje mtoto barabarani? Mimi nikimwona mtoto kaachwa peke yake, kahawa hainipiti kooni.

Ikampita. Akanyoosha kikombe aongezwe.

Hasira ilimpanda Dada Birika mpaka masikioni. Mama aliyekuwa akitukanwa alikuwa ameinamia mashine wakati ule ule, anashona kola za watoto wa wenzake, na mwanawe alikuwa hapa anasikia yote. Binti alikuwa anafungua na kufunga zipu ya mkoba, anafungua na kufunga. Dada Birika angejibu, siri ya mwenzake ingetoka nje. Akamimina kahawa, akammiminia na masimbi ya chini ya birika.

— Zamani, — Mstaafu akahitimisha, — mtoto alikuwa wa jamii nzima. Mkono mmoja haulei mwana.

— Kabisa! — wakaitikia wenzake. Katika asubuhi nzima hilo ndilo walilokubaliana.

Mlinzi mpya wa shule akavuka barabara, daftari kwapani.

— Shikamooni, wazee wangu.

— Marahaba! Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kaa, unywe.

— Asanteni, niko kazini. Huyu mtoto ni wa nani?

Mstaafu akamwonyesha Kamanda. Kamanda akamwonyesha Profesa. Profesa alikuwa ameshamwonyesha Mstaafu. Wakatazamana kama wezi watatu waliokutana kwenye dirisha moja.

— Si mjukuu wako huyu?

— Wangu? Mimi nilijua wako!

— Kwa hiyo wiki zote hizi tunakaa na mtoto wa nani?

Mlinzi akafungua daftari. Alikuwa mtu mpole, na agizo lenyewe halikumpendeza.

— Anatakiwa mtu mzima mmoja asaini kwamba atakaa naye hapa kila asubuhi mpaka saa mbili. Asipopatikana, nimeagizwa nipige simu kazini kwa mama yake, sasa hivi.

Binti akainua uso.

— Usimpigie mama, — akasema. — Watamfukuza.

Dada Birika akawageukia wale watatu.

— Mmesikia. Mkono mmoja haulei mwana. Hapa nahesabu mikono sita, na kalamu iko mfukoni kwa Mstaafu.

Mstaafu akaifunika kalamu kwa kiganja.

— Kila asubuhi ni neno zito, dada yangu. Mimi nina shughuli.

— Hata mimi, — akasema Kamanda.

— Asubuhi ndiyo nimebanwa kabisa, — akasema Profesa.

— Shughuli gani? — akauliza mlinzi. Hakuuliza kwa kejeli. Daftari lilikuwa na nafasi ya maelezo, naye alitaka kuijaza.

Profesa akachungulia ndani ya kikombe chake. Kamanda akakohoa. Mstaafu akatazama barabara upande mmoja, kisha wa pili, na shughuli haikutokea upande wowote.

Dada Birika alilitazama birika la pili, lililojaa, la mafundi wa gereji. Alijua akisaini, kahawa ya gereji itapata muuzaji mwingine kabla ya wiki kuisha. Iliuma. Akaichomoa kalamu mfukoni mwa Mstaafu bila kuomba, akasaini hivyo hivyo inauma.

— Uhusiano wako na mtoto? — akauliza mlinzi.

— Shangazi.

— Shangazi upande gani?

— Upande wa benchi.

Mlinzi akaandika. Kisha akasitasita, akashusha sauti.

— Shangazi, kuna wengine wanne. Wanajificha nyuma ya lile rundo la matofali, wanadhani siwaoni. Siku ya tatu leo najifanya kipofu.

Dada Birika akashusha pumzi. Kimoyomoyo akamtukana kila aliyewahi kupanga saa za kazi na kila aliyewahi kupanga saa za shule.

— Walete.

Walikuja wanne, magoti yamejaa vumbi jekundu, mdogo wao kashika kipande cha mkate. Dada Birika akapiga makofi mbele ya pua za wazee.

— Inukeni.

— Tuinuke? — Kamanda akang'aka. — Hapa ni pa wakubwa!

— Hapa ni pangu. Kila siku ya shule mpaka saa mbili, benchi ni la watoto. Wenye shughuli waende kwenye shughuli zao.

Waliinuka mmoja mmoja, wakitegemea kwamba atacheka na kuwarudisha. Hakucheka. Watoto wakapanda, na binti akasogea kutoka ukingoni mpaka katikati, akafungua mkoba, akatoa daftari. Wale watatu wakabaki wamesimama kando ya barabara, vikombe vitupu mikononi, watu wanawapita wakielekea kazini.

— Sasa sisi, — akasema Mstaafu, — mpaka saa mbili tutakaa wapi?