Nilivyotaka Kupatana Bei na Ziwa

Ndugu zangu, mchungaji ameniambia, "Simama utushuhudie." Wengine mnasimama kwa sababu mmeambiwa. Mimi nasimama kwa furaha, maana upo wakati kusimama kulinishinda.

Mnanijua. Hapa Tunduma nimepatana bei ya kila kitu, kuanzia sabuni hadi baiskeli, na chenji naihesabu mara mbili hata nikipewa na mama yangu mzazi. Sasa nasikia vijana wa jumuiya hii wanataka kwenda Ziwa Tanganyika, upande wa Zambia, kuzamia samaki wa mapambo, wale wadogo wa rangi wanaopelekwa Ulaya wakiwa hai. Kazi hiyo nimeifanya. Nisikilizeni kwanza, mabegi mtafunga baadaye.

Mwalimu wangu alikuwa Mbemba mmoja wa hukohuko Zambia, mtaratibu. Alianza na historia. Zamani watu walizama na pumzi ya kifuani tu. Baadaye wakavaa kofia nzito za shaba, hewa wakipelekewa kwa mpira kutoka juu. Mpira ukikatika, ndiyo hivyo tena. Halafu, wakati wa Vita Kuu ya Pili, Wafaransa wawili wakatengeneza kifaa kinachokupa hewa ya mtungi pale unapovuta tu. Tangu hapo mzamiaji anabeba hewa yake mgongoni kama machinga na bidhaa zake.

Nikamwuliza, "Mpira si ungekuwa rahisi zaidi?"

"Mpira una mwisho, mukwai," akanijibu kwa neno lao la heshima. " Samaki hawajui unaishia wapi."

Nawaambia, huko chini ni kuzuri! Mawe makubwa kama nyumba, na samaki wa bluu na njano wamejipanga kama vitenge dukani. Na hakuna anayekuuliza bei. Lakini mwalimu alinionya. Unapopanda usizuie pumzi, mapafu yatapasuka. Na unapokuwa chini, hewa unayovuta inajipenyeza ndani ya damu kama gesi ndani ya soda. Ukipanda taratibu inatoka yenyewe. Ukipanda haraka inafanya mapovu mwilini. Soda nazijua mimi. Nimewahi kufungua moja iliyotoka kwenye barabara ya mashimo, ikaniogesha mimi na mteja.

"Na mlima nao ni kupanda," akasema. "Ukishazamia, lala hapa ziwani mpaka kesho, ndipo upande kwenda Mbala kule juu."

Basi, ikakaribia siku ya mahari ya dada yangu kule Ibaba. Msemaji wa ukoo ni nani? Mimi! Wazee walisema, huyu atawakamua wakwe. Kikao ni kesho, nami asubuhi hiyo nimetoka majini.

"Mwalimu, punguza," nikamwambia. "Nipumzike mpaka mchana, niondoke."

"Hiyo siyo bei yangu. Ni bei ya damu yako."

"Mimi mteja wako wa siku nyingi!"

Alicheka, akadhani nimekubali. Alipogeuka kuosha mitungi, nikarukia lori la dagaa. Akaniona, akaja mbio, akanong'ona na dereva dirishani. Mimi nikadhani wanaagana.

Tukaanza kupanda, nikimsimulia dereva habari za mahari. Bega likauma. Nikasema ni uchovu. Magoti yakafuata. Nusu ya mlima, dereva alisimama tuchimbe dawa. Nikashuka, nikaanguka chali. Ndugu zangu, miguu ilikuwa palepale, lakini ilikuwa kama ya mtu mwingine.

Dereva akacheka, "Shemeji, umewaogopa wakwe hata hujawaona?" Kisha akaniona uso. "Mwalimu wako alisema ukilalamika viungo nikurudishe chini, hata ukinihonga."

"Twende tu! Ibaba nitapata dawa." Na Ibaba, mnapajua, ni juu zaidi ya Mbala.

Juu ya magunia alikaa mama mmoja, mwenye dagaa zile. Akaniinamia. "Kaka, umelala chini kama gunia na bado unapatana bei? Dereva, geuza gari! Dagaa zangu zimeshakauka, haziozi kwa kuchelewa."

Lori likageuzwa palepale kwenye kona. Hapo ndipo Mungu aliponigeuza na mimi.

Ziwani mwalimu alinilaza, akanivalisha barakoa ya oksijeni, akampigia daktari kwa simu ya upepo. Hakunigombeza. Alisema tu, "Vuta, mukwai. Hii hatupunguzi." Vidole vya mguu vikaanza kuwasha, nikalia kwa raha. Daktari aliponiona alisema nina bahati; wengi hawaponi bila kuwekwa kwenye chumba maalumu cha hewa iliyoshindiliwa, na chumba hicho kiko mbali. Nilitembea na fimbo muda mrefu.

Na mahari? Shangazi alisimama badala yangu. Aliwakamua kuliko ambavyo ningeweza, tena bila kupaza sauti. Ukoo haujaniita tena kwenye kikao.

Namshukuru mwalimu, namshukuru dereva, namshukuru mama wa dagaa, ambaye hadi leo nanunua kwake bila kuomba apunguze. Vijana, nendeni, ziwa ni zuri. Ila mkiambiwa subirini, subirini. Yapo mambo yana bei moja.

Harusi ya dada nilicheza mpaka viti vikaondolewa. Nilicheza kwa miguu yote miwili. Niliihesabu mara mbili.