Aliyewapiga Watoto Watatu

Ndugu, jamaa na majirani, tunamsindikiza kaka yetu, mpiga picha ambaye wengi wenu mlimwita Tulia, kwa kuwa hakumpiga mtu picha kabla ya kumwambia neno hilo. Familia imeona wasifu wake usomwe wote, pamoja na yale yanayonong'onwa tangu Jumanne. Baba yetu mdogo alitangaza kwamba yeye na wanawe hawatabeba jeneza ikiwa karatasi hii itachapwa na bundi mbele. Karatasi mnayo mikononi, na bundi mnamwona. Basi na tuanzie mwanzo.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1957, mtoto wa tatu wa fundi saa na mshonaji, katika vyumba viwili nyuma ya duka la baba. Alikua kati ya saa zisizokubaliana. Mama alisema ndiyo maana hakuamini kitu mpaka akitazame mwenyewe.

Alianza shule ya msingi mwaka 1964. Siku moja mwalimu wa sayansi aliwaambia wachore ndege. Wenzake walichora kuku. Yeye alimchora kinda wa bundi aliyemwona kwenye tundu la ukuta wa ghala.

"Nani kakuchorea?" mwalimu aliuliza.

"Nimechora mwenyewe, mwalimu."

"Na ulimkaribia vipi huyu mpaka ukajua ana kope?"

Alirudishwa nyumbani akamlete mzazi. Mama alifika na sindano ikiwa bado imechomekwa kwenye kola, akasema mwanawe si mwongo, ila anatazama mno. Mwalimu hakuridhika, lakini mchoro aliubakiza. Marehemu alimaliza sekondari mwaka 1975.

Mwaka uliofuata alianza kazi ya usaidizi katika studio ya picha, na mwaka 1983 alifungua ya kwake: mbele kiti kimoja na pazia la buluu, nyuma chumba cha giza cha kusafishia picha. Siku za kazi alipiga pasipoti, harusi na mahafali. Jumapili alibeba kamera na turubai, akaenda msituni kutafuta makinda ya bundi, wale ambao wameshatoka kiotani lakini hawajajua kuruka, wakikaa tawini kama wageni walioshushwa kituo kisicho chao. Hakuwagusa, hakuwamulika taa. Alilala kifudifudi asubuhi nzima akimngoja kinda mmoja ageuze shingo.

Tarehe 14 Agosti 1982 alifunga ndoa na shemeji yetu, mwalimu wa chekechea. Haukupita mwaka naye akaanza kushuku. Mume gani huondoka kila Jumapili, akarudi na majani kichwani na mikwaruzo mikononi, akitabasamu peke yake? Alimfuata. Nyuma ya kichaka akamsikia akibembeleza: "Geuka kidogo, mrembo. Hapo hapo. Nitazame."

"Tokeni wote wawili!" shemeji alipaza sauti, fimbo mkononi.

Aliyetoka ni mumewe. Wa pili alibaki tawini, amejivimbisha manyoya, akigonganisha mdomo kwa hasira.

"Umemtia hofu mtoto wa watu," marehemu alisema.

Tangu siku hiyo walikwenda pamoja. Picha pekee ya marehemu tuliyo nayo, hii ya mbele ya karatasi, ilipigwa huko na mkewe, maana yeye mwenyewe alikimbia kamera za wenzake.

Sasa tuje kwenye jambo la simu, ambalo kila mtaa unalisimulia kwa namna yake. Mwaka 1991, asubuhi, marehemu alimpigia rafiki yake wa kamera. Mwenye saluni, ng'ambo ya ukuta wa mbao, alisikia hivi: "Jana nimewapiga watoto watatu. Mmoja nimemkata kichwa, lakini wawili wametoka vizuri. Mama yao hakuniona kabisa." Kwa mafundi picha hakuna ajabu hapo. Mwenye saluni alimwacha mteja na povu kichwani, akakimbilia polisi.

Koplo alifika akihema. "Watoto wako wapi?"

"Wako nyuma," marehemu alijibu, "nimewaning'iniza wakauke."

Koplo alishika ukuta. Mlango wa chumba cha giza ulipofunguliwa, alikuta makinda wawili wa bundi wakimkodolea macho kutoka kwenye kamba, na wa tatu hana kichwa, wote wamebanwa kwa vibanio vya nguo. Alizitazama picha zile, akarudi kinyumenyume. "Mzee," alisema, "afadhali ungekuwa umewapiga watoto."

Marehemu hakufunguliwa kesi, na hapo ndipo shida ilipoanza, kwa kuwa kesi ina siku ya kwisha. Maharusi walighairi. Kina mama waliacha kuleta watoto wachanga mbele ya jicho lililozoea bundi. Aliambiwa kwamba katika miji ya mbali bundi huchorwa kwenye mabango ya maduka ya vitabu. Aliuliza tu kama waliwachora na kope.

Figo zilianza kumsumbua Februari 2022, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki. Alifariki Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, mchana, mkewe na binti yake wakiwa kando ya kitanda. Inasemwa bundi alilia juu ya paa la wodi. Tulimuuliza muuguzi wa zamu. Ni bati limelegea, na fundi ameshaitwa. Daktari ametaja figo. Mwenye sababu nyingine aje aitaje mbele ya mjane, si nyuma ya jiko.

Jana, kabla ya karatasi kwenda kuchapwa, baba mdogo alitaka ndege aondolewe.

"Mkateni, abaki mtu wetu peke yake."

"Wamekaa bega kwa bega, babu," binti wa marehemu alimjibu. "Nikimkata ndege, namkata na baba sikio."

Mzee aliiinua picha, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu.

"Anacheka," alisema. "Sijapata kumwona huyu mtoto akicheka hivi."

"Ndivyo alivyokuwa huko, baba," mjane alisema.

Mzee aliirudisha picha, akauliza upande wa mbele kushoto atabeba nani. Akaambiwa bado hapana mtu.

"Nitabeba mimi, na vijana wangu nyuma. Ila karatasi yenu siishiki."

Marehemu ameacha mjane, binti ambaye sasa ndiye mwenye studio, wajukuu wawili, kaka mmoja, dada wawili, na baba mdogo ambaye mtamtambua kwa mikono mitupu. Kaka yetu apumzike kwa amani, na wanaonong'ona nao wapumzike.