Buru ya Mtu Aliye Hai

Benchi la Rosa muuza kahawa, pale mtaa wa Obunga mjini Kisumu, lina miguu mitatu na tofali moja, na bado linabeba wanaume watatu pamoja na ujuaji wao. Liko ubavuni mwa kibanda cha wachomea vyuma, kwa hiyo kahawa yake unainywa na moshi juu, bei ni ileile. Jumamosi hiyo Wanyonyi, fundi wa redio ambaye watu humwita Spika kwa sababu hajui kunong'ona, alileta spika yake kubwa ili wasikilize albamu ya Ougo. Ougo ni kijana wa Pap Onditi aliyeanza kwa kugonga madebe ya mafuta, na leo ni mpiga ngoma na mtunzi mwenye bendi yake ya jazi: saksafoni, piano na besi, wote wanamfuata yeye. Albamu ameiita Vumbi. Calvince, fundi wa umeme, alikaa katikati ya benchi kifua mbele, maana Ougo ni mdogo wake wa tumbo moja. Alijivuna, jamani, mpaka wimbo wa mwisho.

Wimbo wa mwisho hauna saksafoni. Mzee mmoja anakohoa, halafu ngoma inaanza, pembe inalia, na kwa mbali zinasikika kwato za ng'ombe. Calvince aliweka kikombe chini.

— Zima, alisema.

Spika alizima. Hata yeye alipunguza sauti.

— Omera, ndugu yangu, si hiyo ni ngoma ya buru?

— Ndiyo yenyewe.

— Buru ni kitu gani? aliuliza Njenga. Njenga huuza viatu vya mitumba, wanamwita Jumla, na ameishi Kisumu miaka mingi bila kwenda matanga hata moja. Mbona mmekauka hivyo?

Rosa ndiye aliyemjibu, birika mkononi.

— Jaduong', mzee wa boma, akifa, wanaume wanatoa ng'ombe, wanabeba mikuki, wanapiga ngoma na pembe, wanafukuza kifo kutoka kwa boma mpaka huko porini. Hiyo ndiyo buru. Na hiyo ngoma haipigwi ovyo, Jumla. Kama hakuna maiti, hupigi. Mtoto akiigonga kwa meza, anachapwa.

— Sasa hapo nani amekufa?

— Hakuna.

— Hakuna?

— Si nimesema hakuna!

Lakini Calvince alikuwa amekijua kile kikohozi. Alikisikia utotoni kila alfajiri, kikitoka nyuma ya nyumba, kabla hata jogoo hajaamka. Kilikuwa cha baba yao, Mzee Nyangweso, na mzee huyo amelala kitandani tangu mvua kubwa ianze. Ougo alienda kumwona na vyombo vyake vya kurekodi. Calvince hakwenda. Alimwambia mama yake kuna nyumba za kuwekwa waya mjini, kazi ni nyingi. Uongo mtupu! Aliogopa. Aliogopa kumwona mtu aliyekuwa anabeba gunia la mchele peke yake sasa akigeuzwa na wanawake kitandani. Hilo hakuwaambia wenzake.

— Mimi nitawaambia shida iko wapi, alisema Spika. Kifo kimefukuzwa kabla hakijafika. Sasa hakina pa kulala, kinazurura tu. Ndio wazee walisema, mgeni njoo mwenyeji apone.

— Hiyo haisemwi hapo, alisema Rosa.

— Inasemwa popote. Wewe mimina kahawa.

Jumla naye alikuwa ameshaingiwa na hofu.

— Hapana, sikieni. Hii kitu iko kwa mtandao. Mtu Nairobi anaicheza, kifo kinatimuliwa kwake. Mtu Ujerumani anaicheza, kinatimuliwa huko pia. Hicho kifo kitaenda wapi kama si kurudi kwa wenyewe? Haba na haba hujaza kibaba!

— Yawa! Spika alishika kichwa. Na mimi nimeicheza hapa, tena kwa sauti ya juu! Obunga yote imesikia!

— Si uirudishe nyuma?

— Utarudisha kifo nyuma na kidole?

— Nauliza tu.

— Na kuna kitu kingine, alisema Spika, na sasa alinong'ona kweli, jambo ambalo liliwatisha kuliko maneno yenyewe. Mmesikia zile kwato? Kwa buru, ng'ombe wanaenda. Wanatoka kwa boma wanaenda mbali. Hawa walianza mbali.

— Unasema nini?

— Nasema hawa walikuwa wanakuja.

Wote waligeuka kutazama kichochoro. Mama mmoja alikuwa anaanika nguo, basi, hakuna kingine. Lakini Rosa alijifunga leso upya, akakaza fundo.

Hapo simu ya Calvince ikalia. Aliitoa mfukoni, akaona ni namba ya nyumbani, ya mama yake. Mama hapigi simu mchana. Mchana ni wa shamba.

— Usishike, alisema Jumla.

Simu ikakatika. Ikalia tena.

— Wacha ilie, alisema Spika. Ukishika, umepokea hiyo habari, imekuwa yako. Usiposhika, haijatokea. Asiyekuwepo na lake halipo.

— Washa ile nyimbo ya kwanza, Spika, alisema Jumla. Ile ya furaha. Labda itafunika.

— Mimi sigusi hii mashine tena. Mpaka iombewe!

Simu ikalia mara nyingine. Calvince aliishika kwa mikono miwili, ikimtetemekea viganjani. Alitaka mtu amwambie ashike, na alitaka mtu amnyang'anye aitupe mtaroni.

Bwana Satwant, mwenye duka la vyuma ng'ambo ya barabara, ndiye aliyefika wakati huo. Hajawahi kukaa na hawa watu. Siku hiyo stima ilikuwa imepotea dukani, akavuka kutafuta kahawa. Alisimama akisubiri kikombe, akatazama ile simu, akawatazama wanaume watatu wasiopumua.

— Fundi, simu inalia, alisema. Mbona hushiki?

Jumla alianza kutazama viatu vya watu. Calvince akabonyeza, akaweka sikioni.

— Mama?

Hakuwa mama.

— Calvince, ilisema sauti nyembamba. Umesikia ngoma yangu?

— Baba! Baba, uko... Nimesikia. Kwa nini Ougo amekufanyia hivyo, na wewe uko hai?

— Nilimwambia mimi. Mzee alikohoa, akapumzika, akaanza tena. Nimewapigia wazee wa huku wote ngoma ya buru, na hakuna hata mmoja aliyesikia yake. Nikasema mimi yangu nitaisikia. Imepigwa vizuri. Ng'ombe tuliwaleta mpaka dirishani.

— Baba, sema polepole.

— Ndugu yako amenililia nikisikia. Wewe unangoja mpaka nisisikie tena?

Calvince alisimama. Upande wa pili alisikia pumzi ikienda, ikikwama, ikienda.

— Nakuja, Baba. Nakuja saa hii.

Hakujibiwa. Alivuka barabara mbio bila kutazama, mkoba wa vifaa akauacha chini ya benchi, pikipiki ikamkosa kidogo na dereva wake akamtukana. Rosa alimsikia akipiga kelele kwenye simu mpaka alipopotea nyuma ya vibanda:

— Ongea, Baba! Ongea chochote! Usinyamaze, Baba, ongea!