Umba na Mvua Isiyofika Chini

Nyuma ya gare, kituo cha treni cha Kamina, Sudi muuza kahawa alikuwa amelaza taruma bovu la reli juu ya mawe mawili, watu wakakaa, pakawa baraza. Kesi ngapi za mtaa zilikatiwa pale, Mungu ndiye ajuaye. Vita ya Wazungu ilikuwa imekwisha, askari wamerudi, na Jumapili ile baada ya misa palikuwa na kesi moja tu: je, Umba amwoze binti yake Mwadi kwa Wenceslas, askari aliyetoka Misri, au amkatalie? Umba walimwita Bwana Juji kwa jinsi alivyopenda kuhukumu yasiyomhusu. Leo lilimhusu. Alimpenda kijana yule, na hilo ndilo lililomuuma. Alikuwa na adabu, hakimbii kazi, na tangu arudi Mwadi alikuwa akicheka hata anapokwangua sufuria. Lakini tangu arudi kijana alikuwa akisimulia habari za jangwa, na Umba alikuwa ameapa mbele za watu kwamba mwanawe haolewi na mwongo.

— Rudilia, Umba akasema. Rudilia mbele ya bantu. Kule ku dezere, usiku iko namna gani?

Wenceslas alikuwa amekaa mwisho wa benchi, kofia magotini.

— Baridi, papa. Mchana jua inachoma mpaka bidoni ya maji haishikike. Usiku unavaa kapoti, koti nzito, unajifunika bulangeti, na meno inagongana. Minyi nililia kama mutoto, kaporali akanicheka.

— Mulisikia? Umba akawageukia wenzake. Jua ya kuchoma na baridi ya kulia, fasi moja, siku moja!

Kitenge, mchochea moto wa treni, ambaye kila mtu alimwita Vapeur, yaani mvuke, akatikisa kichwa kwa huruma.

— Mutoto, moto minyi najua. Machini ya treni ikizimika, chuma inabakia na moto mpaka asubuhi. Ule mchanga utapoa na nini? Haraka haraka haina baraka.

— Hakuna wingu, papa Kitenge. Hata hapa, mu kipwa, mvua ikikatika na mbingu ikabakia wazi, asubuhi si tunatetemeka? Kule iko wazi mwaka muzima. Wingu njo bulangeti ya udongo.

Umba, asubuhi za mwezi wa sita alizijua vizuri, mtu anavyotoka nje na moshi mdomoni bila sigara. Alikuwa karibu kukubali, na moyo wake ukaanza kufurahi, lakini Vapeur hakumpa nafasi.

— Wingu hapana! Jua ni machini. Ikifika kule, inasimama kukunywa maji. Ilishakunywa mito yote, njo maana kunakauka. Na machini yenye kujaa maji ya baridi, si inapoa?

— Aaah! Ile sasa iko na maana, Umba akasema.

— Na mchanga? Sudi akauliza huku akimimina. Nyinyi hamjui. Babu yangu alitoka Maniema kwa miguu, alijua dunia. Kule majini wanatwanga milima usiku. Mchanga ni unga wao. Haba na haba hujaza kibaba.

— Mawe inapasuka kweli, Wenceslas akasema, akifurahi kwamba walau mtu mmoja amemkaribia. Inachomwa mchana, inapoa usiku, inachoka, inalia paa! Siku ya kwanza nilifikiri ni bunduki. Nikaingia chini ya kamio, gari yetu ya mizigo, kichwa ndani, matako inje. Tulitafuta adui mpaka asubuhi, kumbe ni jiwe.

— Jiwe kupasuka yenyewe! Vapeur akacheka. Afadhali majini.

Maskini Wenceslas angenyamaza, yangekwisha. Lakini alikuwa mtu wa kujibu anapoulizwa, na Umba aliuliza tena, kwa sauti ya kuomba zaidi kuliko ya kuhukumu.

— Na ile ya mvua?

— Iko, papa. Unaiona juu, inanyesha kabisa. Lakini haifike chini. Hewa iko moto sana, inaikunywa mu njia. Nilifungua kinywa kuingojea mpaka shingo ikakauka. Hata tone moja.

Benchi zima likaguna. Umba akaweka kikombe chini.

— Minyi nitawaambia juu ya nini haifike. Mvua inatafuta nyumba ya kuvujisha! Kule nyumba hakuna. Itashuka kwa nani?

— Kwa nani! Vapeur akapiga paja. Weye njo Juji!

Hapo ndipo Agar, dada mdogo wa Umba, alipotokea, kitambaa cha kanisani kimekaa upande kwa mwendo.

— Yaya, kaka yangu, bazee ba Wenceslas bako mu nyumba tangu misa, banangojea jibu ya posa. Bugali inapoa. Nibaambie nini?

— Waambie mutoto wao ni mwongo, Umba akasema bila kumtazama kijana.

Akamhesabia uongo wote: baridi, jiwe, mvua. Agar alisikiliza, mikono kiunoni, akamtazama kijana, akawatazama wazee watatu.

— Mu hadithi zake analia, anajificha chini ya kamio, anabakia kinywa wazi. Mulishaona muntu mwenye kudanganya ili bantu bamucheke yeye?

Umba akawapitia waongo wote aliowajua, akaanzia na yeye mwenyewe, na kila mmoja katika uongo wake alikuwa ameua chui. Hakumpata hata mmoja aliyetambaa chini ya gari. Aibu ilimshika, na nyuma ya aibu furaha, akainuka ghafla.

— Wenceslas! Toka mu benchi yangu!

Kijana akasimama, kofia ikaanguka, machozi yakimlenga. Agar akapiga vigelegele.

— Unalia nini, weye? Umba akanguruma. Wapi uliona mukwe anakaa benchi moja na baba ya bibi yake? Hauna haya?

Vapeur alimsukuma kijana mpaka ng'ambo ya njia. Umba akageuka, akawapa wote mgongo.

— Sudi, mupelekee kahawa kule kule. Minyi haifai nimuone mukwe wangu anakunywa.